Orodha ya Kura

Ripoti ya mtaalamu wa maandishi ilikuwa na kurasa nne, na Kaliza aliisoma mara mbili akitafuta mahali pa kugombana nayo. Hakupaona.

"Saini ni za kweli," alisema Afande Ntare, mkuu wake, akiwa bado amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Amechukua arobaini kwa sampuli, zote safi. Na ile ya mzee Zephaniah ndiyo safi kuliko zote. Sasa unataka nini tena?"

"Nataka kujua kwa nini mzee wa miaka sabini na moja aje hapa kwa miguu yake kushtaki kwamba saini yake imeghushiwa, kama haikughushiwa."

"Kwa sababu ameuza bonde, wenzake wamemjia juu, na anatafuta pa kutokea. Anatufanya sisi mlango wake."

Maelezo hayo yalikuwa mepesi, na Kaliza alichukia maelezo mepesi. Lakini faili lilikuwa upande wa mkuu wake. Umoja wa Wakulima wa Makazi Mapya ulikuwa na kaya mia mbili na thelathini, watu waliorudi kutoka Tanzania na Burundi wakapewa viwanja Nyamirunda, mashariki mwa Rwanda. Kiwanja cha Nyamirunda kinatosha nyumba, choo na migomba sita. Chakula chote kinatoka bondeni. Sasa kampuni moja ya parachichi ilitaka kulikodi bonde hilo miaka arobaini na tisa, na katiba ya Umoja ilisema halikodishwi bila kura za theluthi mbili ya wanachama.

Kura hizo zilikuwapo mezani, kwenye karatasi tisa zilizobanwa pini. Juu kulikuwa na maneno ORODHA YA KURA, kwa herufi kubwa za kalamu ya buluu. Chini yalifuata majina na saini mia mbili na kumi na mbili, kila jina na herufi N au S pembeni. Mwisho kabisa, kwa mwandiko wa kutetemeka: Nimekubali. Zephaniah.

Zephaniah, mwenyekiti wa Umoja, alikuwa ameapa mbele ya Kaliza kwamba siku ya mkutano mkuu, uliofanyika Kigali wiki tatu zilizopita, hakuna aliyepiga kura yoyote. Kaliza aliwapigia simu wanachama tisa. Wote tisa walikiri kuisaini orodha ya kura. Tangu jana mzee alikuwa mahabusu kwa kosa la kutoa taarifa ya uongo.

"Saa sita mchana wanatia saini mkataba kwa mthibitishaji hati, Kagarama," alisema Ntare. "Muhuri ukigonga, bonde limekwenda, na mimi nampeleka mzee kwa mwendesha mashtaka. Una mpaka saa sita, Mwalimu."

Pale ofisini walimwita Mwalimu kwa kejeli. Kaliza alizaliwa Bukoba na kukulia huko mpaka miaka kumi na tisa, na alikuwa na tabia mbaya ya kuwasahihishia wenzake Kiswahili kwenye ripoti zao. Ilikuwa saa mbili na nusu. Alichukua nakala ya orodha, akatoka.

*

Ofisi ya Umoja ilikuwa Niboye, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Silvère, makamu mwenyekiti, alimpokea kwa tabasamu na kiti cha plastiki alichokipangusa kwanza kwa leso. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, aliyesomea Bujumbura enzi za wazazi wake kuwa wakimbizi, na shati lake lilipigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe. Dirishani kulikuwa na miche mitatu ya parachichi kwenye vifuko vyeusi.

"Zawadi ya kampuni," alisema kabla hajaulizwa. "Karibu, Madamu."

Kaliza alifungua orodha juu ya meza. "N ni nini?"

"Ndiyo."

"Na S?"

"Siyo. Mia na themanini na saba ndiyo, ishirini na tano siyo. Hesabu iko wazi."

"Watu wengi wangeandika H, hapana."

"Labda kwenu Bukoba, Madamu. Sisi wakulima tunaandika tunavyoweza."

Kaliza alilipokea kofi hilo bila kupepesa. Aliteremsha kidole. "Namba kumi na nane, Bigirimana. Mtu huyu alisimama mbele ya lango letu jana akipiga kelele kwamba wamzike bondeni kuliko kumtoa. Hapa ana N."

"Mbele ya wenzake anasema hivi, akishika kalamu anaandika vile. Wewe ni polisi, unawajua watu."

"Namba sabini na tatu. Wewe mwenyewe. S."

Silvère aliinama kuitazama herufi kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukutana nayo. Alimeza mate mara mbili.

"Nilipiga siyo," alisema.

"Wewe ndiye uliyeileta kampuni."

"Voilà. Ndiyo sababu. Sikutaka mtu aseme makamu amenunuliwa."

Jibu lilikuwa zuri. Kaliza aliliandika, na uzuri wake ukamuudhi. Majibu mazuri hutayarishwa, na hili lilitayarishwa mbele yake, pale pale, na mtu hodari.

"Nani aliandika kichwa hiki cha juu?"

"Mama mmoja alisaidia siku ile. Mukamana. Mtaalamu wenu si amesema mwandiko ni wa kweli?"

"Ni karani wenu?"

"Alisaidia," alirudia Silvère, akaitazama saa yake. "Anapatikana Kimironko, sokoni. Samahani, Madamu, nina miadi saa sita na bado sijabadilisha viatu."

Kaliza alitoka akiwa na mambo mawili. Mtu aliyeandika orodha ya kura hakuwa karani, na makamu hakujua kura yake mwenyewe mpaka alipoonyeshwa. Hayo hayakutosha kuzuia muhuri. Mthibitishaji hati hazuii mkataba kwa sababu mtu amemeza mate.

*

Bigirimana alikuwa amefikia kwa binti yake, mitaa miwili kutoka soko la Kimironko. Binti alisema baba yuko kwa mafundi cherehani, na kweli Kaliza alimkuta ameketi kwenye benchi kati ya vitambaa vya vitenge, akingoja fundi amkunjie suruali. Hakusimama.

"Ndiyo wewe uliweka muzee wetu ndani," alisema.

"Ndiyo mimi. Tuliongea kwa simu juzi, mzee. Uliniambia ulisaini."

"Nirisaini."

"Orodha ya kura."

"Ya kura, yego, ndiyo. Nitakataa? Mukono iko yangu."

"Na leo unasema hutaki kulitoa bonde."

"Sitaki! Baanze kunizika kwanza, ndiyo balime hiyo maparachichi yao."

"Sasa kwa nini ulisaini?"

Mzee alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini amefungua mwavuli kwenye mvua. "Njaa."

Kaliza alishika kalamu vizuri. Basi ni hongo, aliwaza. Walilipwa. Hilo lingembana Silvère kweli, ila lingewabana na hawa wazee pamoja naye, na moyo wake haukupenda. Lakini alikuwa amekuja kutafuta ukweli, hakuja kuchagua.

"Walikupa nini, mzee? Niambie tu."

"Sahani."

"Sahani ya nini?"

"Ya mbuzi. Na ndizi juu. Mukamana iko mukari sana, afande. Mwaka jana bamoja bariiba sahani mbiri mbiri, bengine bakarudi na njaa mpaka Nyamirunda. Mwaka huu akasema, hausaini, haukuri. Nikasaini ya kura, akanipa."

Fundi alisimamisha cherehani. Au labda hakuisimamisha, ila Kaliza hakuisikia tena.

"Mzee, rudia. Ulisaini ya nini?"

"Ya kura!" Bigirimana alikusanya vidole vyake vitano, akavipeleka mdomoni mara tatu, polepole, kama anavyoelekezwa mtoto mzito. "Kura. Chakura. Wewe Mutanzania unasikia nini?"

"Na ile nyingine? Ya kuchagua, ya kukubali kampuni?"

"Amatora?" Alitumia neno la Kinyarwanda la kupiga kura, neno ambalo mtu wa Rwanda hawezi kulichanganya na wali. "Amatora haikukuwa. Nani arituuriza amatora? Tulisikia hotuba, tukakura, tukapanda basi."

Kaliza alifunga daftari. Aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Watu tisa walimwambia kwenye simu kwamba walisaini ili wale, na watu tisa hao hao walimwambia hawataki kuuza. Yeye aliandika kura mara tisa kwa mwandiko wake mzuri, akahitimisha kwamba wamejuta. Mtu aliyekaa Kigali miaka kumi na sita, anayejua kwamba nusu ya mji haitenganishi r na l, alisahau jambo hilo siku moja aliyotakiwa kulikumbuka. Na Zephaniah, aliyekulia Karagwe na kusema kila l mahali pake, alipoonyeshwa neno kura alisoma kura, akaapa kwamba hajawahi kuikubali. Alisema kweli tupu, akafungwa kwa hiyo kweli.

"Mukamana yuko wapi, mzee?"

"Fuata harufu," alisema Bigirimana.

*

Mgahawa ulikuwa upande wa nyuma wa soko, benchi nne na majiko matatu ya mkaa. Kaliza hakuhitaji kuuliza ni wa nani. Mlangoni ulining'inia ubao mweusi, na juu yake, kwa herufi zile zile kubwa alizolala nazo usiku mbili: CHAKURA IKO TAYALI. CHAI YA SUKALI IKO.

Aliupiga picha mara nne kabla ya kusalimia.

Mukamana alikuwa mama mpana wa kutoka familia zilizorudi toka Burundi, mwenye kitambaa kichwani na mwiko mkononi. Aliitazama ile nakala, akaipiga kwa kucha.

"Yangu hii. Iko nini?"

"Soma kichwa, mama."

"Orodha ya kula," alisoma Mukamana, na safari hii herufi ilitoka sawa kabisa. Mdomoni mwake r na l zilikuwa herufi moja, iliyochagua yenyewe pa kutokea.

"Na N?"

"Nyama. S ni samaki. Nitapika mbuzi ngapi kama sijui?"

"Mzee Zephaniah aliandika amekubali. Alikubali nini?"

"Sahani. Alikuwa anaongea na watu, nikamuwekea karatasi juu ya goti. Nikasema, baba, andika kama umekubali, kesho wasiseme Mukamana alilisha watu wa barabarani. Akaandika bila kuvaa miwani." Alisita, mwiko ukiwa hewani. "Afande, kwani mzee iko wapi? Wanasema alisafiri."

Kaliza alimwambia. Hakuficha hata sehemu yake mwenyewe. Mukamana aliketi kwenye benchi taratibu, na kwa muda mchuzi ulichemka bila mtu kuuangalia.

"Silvère alikuja kesho yake," alisema mwishowe. "Akasema anaomba karatasi ya kumbukumbu. Nikampa. Mimi! Nikampa na mfuko wa kuitia isilowe."

"Waliosaini wote ni wanachama?"

"Wapi! Kila mutu aliyekula. Dereva wa basi huyu hapa, Nshimiyimana. Mupiga picha huyu. Sikuacha mutu. Hata huyu." Kucha yake ilishuka mpaka ukurasa wa nane, ikatulia.

Kaliza aliinama akasoma, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka. Saa tano na dakika ishirini.

"Mwachie jirani sufuria, mama. Twende Kagarama."

"Na wateja?"

"Waambie wasaini."

*

Mthibitishaji hati aliitwa Winifred, na ofisi yake ilinukia karatasi mpya. Mezani kulikuwa na nakala tatu za mkataba, kalamu mbili na muhuri ambao tayari umegusishwa wino. Silvère alikuwa upande mmoja, akiwa amevaa viatu vingine kweli. Upande wa pili aliketi Keith, kijana aliyekulia Kampala, mwakilishi wa kampuni ya parachichi, mwenye koti la buluu na simu mbili.

"Afande, una amri ya mahakama?" aliuliza Winifred.

"Sina. Nina maswali machache, na saa sita haijafika."

"Uliza haraka."

Kaliza alieleza kwa ufupi. Aliweka picha ya ubao wa mgahawa kando ya orodha, chakura kando ya kura. Mukamana alisimama nyuma yake, bado ana aproni.

Silvère alicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyepumua. "Madamu, siamini. Mpishi? Miaka arobaini na tisa ya maendeleo ya watu isimame kwa sababu mpishi hajui herufi? Imeandikwa kura. Mtaalamu wa polisi wenyewe amesema ni halali."

Winifred aliinua ukurasa wa kwanza, akaushusha. Hakuonekana kufurahi. "Afande, nakuelewa. Lakini hati inasema kura, na mimi nathibitisha hati. Sithibitishi lafudhi. Leo mama huyu anasema hivi, kesho atasema vingine."

Mkono wake ulirudi kwenye muhuri.

"Swali la mwisho, basi, na si kwa mama," alisema Kaliza. "Bwana Keith, wewe ni mwanachama wa Umoja?"

"Mimi? Hapana. Niko upande wa kampuni."

"Mwanachama pekee ndiye anayepiga kura?"

"Ndiyo. Ni katiba yao."

"Siku ya mkutano ulikuwepo?"

"Nilitoa hotuba. Niliondoka mchana."

Kaliza alimgeuzia ukurasa wa nane. "Tafadhali soma namba mia na tisini na moja. Kwa sauti."

Keith alisoma kimya kwanza. Simu yake moja ilitetemeka mezani, hakuigusa.

"Ngabo K.," alisema. "N."

"Jina lako kamili?"

"Bwana Keith, hulazimiki kujibu," alisema Silvère, akinyanyuka nusu. "Akina Ngabo ni wengi nchi hii."

"Keith Ngabo," alijibu kijana. Alikuwa amekunja uso, na Kaliza aliona kwamba anapiga hesabu, na kwamba kila njia anayoijaribu inamrudisha pale pale. Akisema saini si yake, orodha ina saini ya uongo. Akisema ni kura, ameipigia kampuni yake kura kwenye chama kisicho chake.

"Ni yangu," alisema.

"Ulipiga kura ujikodishie bonde?"

"Hapana, afande. Nilikula mbuzi." Alimtazama Mukamana, kisha akamtazama Silvère, na sauti yake ikapanda. "Huyu mama alikataa kunipa sahani mpaka nisaini! Bwana Silvère, uliniambia walipiga kura jioni, baada ya mimi kuondoka. Uliniapia!"

Winifred alikiinua kifuniko cha muhuri, akakibana juu yake mpaka kikalia.

"Sigongi," alisema. "Chukueni karatasi zenu."

"Bwana Silvère," alisema Kaliza, "kwa ajili ya maelezo yako, nitaandika nini kwenye namba sabini na tatu?"

"Samaki," alijibu Mukamana kwa niaba yake. "Na alirudi kuomba kichwa."

Mlangoni, wakati askari aliyeitwa kwa simu akimwongoza kwenye gari, Silvère aligeuka. Kampuni ingempa usimamizi wa shamba lote, alisema, nyumba pamoja na pikipiki, na wale watu wangepata kazi za kulipwa kila mwezi. Walikuwa hawaelewi tu. Kaliza alimwambia kwamba alipaswa kuwauliza wao. Ndivyo kura inavyofanyika.

Alipiga simu kituoni, akaomba wamtoe mzee Zephaniah mahabusu, wampe simu. Ilichukua muda. Alisikia funguo, kisha pumzi ya mtu mzima.

"Shikamoo, mzee. Ni Kaliza. Nilikosea. Watu wako waliniambia ukweli, mimi nikauandika vibaya."

"Marahaba," alisema mzee. "Bonde?"

"Halijagongwa muhuri, mzee. Wala halitagongwa leo."

Kaliza alimsikia akilia, kilio kidogo cha mtu aliyezoea kujizuia, na hakumharakisha. Kisha Zephaniah alikohoa, akamwambia mtu aliye karibu naye ampe viatu vyake.

"Kuna basi la saa nane, mwanangu," alisema kwenye simu. "Nikilikosa hilo, watu wangu watalala wakijua nimewauza."

Kaliza alitazama saa. Alimwambia asihangaike na basi. Angempeleka kwa gari yeye mwenyewe mpaka Nyamirunda, kwa sababu huko kulikuwa na wanane kati ya watu tisa aliotakiwa kuwaomba radhi, mmoja mmoja, akiwatazama midomo.